Tega kwanza ndo ufundishe: jibu kwa mwalimu wa darasa la nne kutoka Bahi

Swali lenyewe kwa kifupi: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la nne huku Bahi, watoto 87, madawati 22, ubao na chaki basi. Nikiuliza swali wanakaa kimya au wanaitikia wote kwa pamoja ndiyoooo hata kama hawajaelewa. Niliona video za walimu wanaimba na kucheza na watoto nikajaribu, siku mbili za mwanzo walifurahi sana, ya tatu ikawa yale yale. Sina projekta, hela yenyewe unajua, na upimaji wa darasa la nne unakuja. Nifanye nini watoto wapende somo na wawe wabunifu?"

Marahaba mwalimu wangu, nakusalimu kwa Kigogo, mbukwenyi huko Bahi. Swali lako nimelisoma mara tatu, kwa sababu nimefundisha darasa kama hilo hilo miaka kumi na tisa kwenye shule za vijijini huku Dodoma kabla sijaanza kukaa na walimu wanafunzi, na ile ndiyoooo unayoisema naijua hadi sauti yake. Niseme mapema, kuimba na kucheza hukukosea, endelea tu. Ila angalia kitu kimoja, siku zile mbili nani alikuwa anafanya kazi? Wewe. Wewe ndo uliimba, ukaruka, ukaja na kitu kipya, wao wakawa watazamaji. Mtazamaji akishaizoea shoo anachoka, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Sasa kumbuka jioni nyumbani wakati wa vitendawili. Bibi anasema kitendawili, watoto wanaitikia tega, akishatega ananyamaza. Hapo ndo raha inapoanza, mtoto anajikuna kichwa, mmoja anasema yai, mwingine anasema mbuyu, wanabishana, wanacheka, na bibi hana haraka kabisa. Wakishindwa anadai mji, wanampa, nenda Dodoma, naye anasema nilikwenda Dodoma nikakaribishwa vizuri nikala nikashiba, ndo anatoa jibu, na lile jibu mtoto halisahau mpaka anazeeka. Bibi hana projekta, hana hata chaki. Alichofanya ni kutega kwanza, jibu akaliacha baadae. Sisi darasani tunafanya kinyume chake, tunaingia na jibu, tunaliandika ubaoni, "eneo ni urefu mara upana", alafu ndo tunauliza maswali, sa mtoto atafikiri nini wakati jibu liko ubaoni tayari? Atanakili tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wote leo ni huo mmoja, tega kwanza ndo ufundishe. Mengine yote ntakayosema yanatoka hapo.

Nikupe mfano nilioufanya mwenyewe, na wewe uko kwa wafugaji kwa hiyo utakufaa. Mada ilikuwa mzingo na eneo. Nilikuwa naifundisha kila mwaka kwa kanuni na kila mwaka kwenye mtihani nusu ya darasa wanachanganya, anaulizwa eneo anajumlisha pande. Mwaka mmoja nikaacha kanuni ofisini, nikachukua kamba ya mita 12, nikawatoa nje chini ya mti nikawaambia hivi, babu ana kamba hii tu ya kuzungushia zizi la mbuzi, anataka mbuzi wengi kadri inavyowezekana waingie, zizi alifanyeje? Basi, nikanyamaza.

Wa kwanza wakasema mwalimu kamba ni ile ile kwa hiyo zizi ni lile lile tu. Wengi walikubali kabisa. Nikasema haya pimeni. Wakatengeneza la mita 5 kwa 1, wakachora miraba ya mita moja moja mchangani kwa fimbo ya mita, wakahesabu, miraba 5. Grupu lingine likafanya 4 kwa 2 wakapata 8. Hapo kelele zikaanza, maana kamba ni ile ile! Wengine wakafanya 3 kwa 3, wakapata 9, wakaruka ruka wanasema wameshinda. Alafu kuna kijana mmoja, mtoto ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake darasani, wikiendi anachunga mbuzi za baba yake, akaja pole pole akaniuliza kwa sauti ya chini mwalimu lazima liwe na kona? Nikamwambia mimi sijasema lazima. Akaivuta ile kamba na wenzake, wakaipanua ikawa duara, akasema zizi la miiba la kwetu liko hivi. Wakahesabu miraba mizima, vile vipande vilivyokatika wakaviunganisha unganisha, wakapata 11 na kidogo. Ukipiga hesabu kamili ni kama 11.5 hivi. Darasa zima lilimgeukia yule mtoto. Mimi hiyo siku nilikuwa na jibu la 9 kichwani, duara sikuliwaza kabisa, yeye ndo alinifundisha mimi.

Kanuni nikaiandika kesho yake, ilichukua dakika kumi tu, maana walishajua inasema nini. Na ule mchanganyiko wa mzingo na eneo uliisha karibu kabisa kwa darasa lile, kwa sababu mtoto anakumbuka kamba ni ile ile ila mbuzi wanaoingia ni tofauti.

Kwa watoto 87 kamba moja haitoshi najua. Tumia mabua ya mtama, waambie wakate vipande 12 vinavyolingana kwa kila dawati, watoto wanne wanne hivi, wanapanga juu ya dawati. Ni bure, na kazi ya kukata na kulinganisha yenyewe ni somo la vipimo.

Sasa kutega kuna ufundi wake na wengi tunaharibu hapa. Kitu cha kwanza ni kunyamaza. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alirekodi vipindi vingi vya walimu akapima mwalimu akishauliza swali anasubiri muda gani, akakuta kwa wastani ni kama sekunde moja tu, alafu mwalimu anajijibu au anamrukia mtoto mwingine. Walimu wale wale walivyojizoesha kusubiri sekunde tatu au zaidi majibu yakawa marefu zaidi, watoto wengi zaidi wakajibu, hata wale wazito. Sekunde tatu mwalimu! Na mtoto wako wa Bahi ana kazi mara mbili, anasikia swali kwa Kiswahili, nyumbani anaongea Kigogo, anatafsiri, anatafuta jibu, analirudisha kwenye Kiswahili, na sisi tumeshahama. Mpe sekunde tano hata kumi, hesabu kimya kimya moyoni ukiwa unaangalia dirishani. Mwanzoni utaona kama mwaka, utazoea.

Alafu usiulize swali la darasa zima kabla hawajaongea wawili wawili. Sema, mwambie jirani yako unavyofikiri, dakika mbili. Na hapo wakiongea Kigogo waache. Nasema hivi nikiwa najua kabisa Kiswahili ndo lugha ya kufundishia na lazima wakijue vizuri, ila mtoto anafikiri kwa lugha anayoiota usiku, akishapata wazo ndo anakuja kulisema kwa Kiswahili mbele ya wenzake na hapo unamsaidia maneno. Ukimkataza Kigogo kwenye zile dakika mbili hapati Kiswahili, unapata ukimya. Ile ndiyoooo ya pamoja inakufa hapa hapa, kwa sababu swali la "mmeelewa?" unaliacha unauliza "jirani yako amesema nini?" na hilo haliitikiki kwa ndiyo.

La tatu ni jibu bovu. Mtoto akisema yai na jibu ni mbuyu bibi hampigi. Naongea kwa uzito hapa kwa sababu nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikiangalia, na popote fimbo inapolala juu ya meza ya mwalimu, hata asipoitumia siku hiyo, watoto wanajibu wale wale watatu wanne wanaojua kwa hakika. Wengine wanaangalia ile fimbo. Huwezi kumwambia mtoto awe mbunifu, yaani ajaribu kitu asichokuwa na uhakika nacho, huku anajua akikosea anaumia. Itoe fimbo darasani, iende hata nje ya jengo. Mtoto akikosea muulize umefikaje hapo? Mara nyingi utakuta njia yake ina akili, amekosea sehemu moja tu. Yule aliyesema zizi ni lile lile tu alikuwa na sababu nzuri, na lile kosa lake ndo lilibeba kipindi kizima.

Zawadi sasa. Najua unafikiria pipi, wote tumepita huko. Muhula mmoja nilikuwa nanunua pipi kwa hela yangu, anayejibu anapata. Wiki ya kwanza mikono juu kama shamba la mtama, wiki ya tatu mtoto ananiuliza mwalimu leo kuna pipi? Nikasema hamna, mkono ukashuka. Iliniuma sana ile. Baadae nikaja kusoma kumbe jambo hili lilishapimwa, mwaka 1973 Lepper na wenzake huko Marekani walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora wenyewe tu, baadhi wakaahidiwa cheti cha kuchora. Wiki moja mbili baadae wakawaangalia wakiwa huru kucheza wanachotaka, wale wa cheti walichora kwa muda kama nusu tu ya wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kitu alichokuwa anakipenda kikageuka kuwa kibarua. Kwa hiyo hela yako iache ikusaidie nyumbani. Zawadi ya mtoto ni aje mbele aonyeshe alivyofanya, na wewe useme kitu mahususi, sio "vizuri sana" kila siku, sema "umewaza kuhusu kona, hakuna mwingine aliyewaza hilo".

Kuhusu masomo mengine sitakumalizia yote, ila nikudokeze jinsi ya kutega. Sayansi, uvukizi: lowesha vitambaa viwili vinavyolingana, kimoja kikunje kimoja kitandaze, uliza kipi kitakauka kwanza na kwa nini, kila mtoto aweke kizibo cha soda upande anaoamini kabla hamjaanza. Kile kizibo ni muhimu, akishaweka cha kwake hataondoa macho kwenye kile kitambaa. Na kwa jua la huku kwetu jibu linakuja ndani ya kipindi. Hesabu za fedha, fanya mnada, nusu ya darasa wauzaji nusu wanunuzi, noti wachore wenyewe, bei wapange wenyewe, ila weka mtego, kila mnunuzi ana buku tano na lazima arudi nyumbani na vitu vitatu na chenji ya jero. Kiswahili, kama vitabu havitoshi, hadithi fupi iandike kwenye vipande vinne vya karatasi, kila mtoto kwenye dawati asome kipande chake tu, alafu wasimuliane mpaka ikamilike. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alianza kitu cha namna hii Texas mwaka 1971, wakati watoto wa rangi tofauti wanaanza kusoma pamoja na hawaelewani, kila mmoja akawa ameshika kipande ambacho wenzake wanakihitaji. Kwako itasaidia yule mkimya, maana bila yeye hadithi haina mwisho, itabidi wamsikilize.

Historia na sanaa napenda kukaa kidogo kwa sababu sisi wa mkoa huu tumebarikiwa na hatutumii. Michoro ya mapangoni ya Kolo kule Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na kuna watoto kibao wa Dodoma wanamaliza shule hawajawahi kuisikia. Safari ya Kondoa ni hela, sawa, lakini udongo mwekundu upo, mkaa upo, jiwe lipo nyuma ya shule au hata ukuta wa zamani. Waambie hivi, hamjui kuandika, hakuna herufi duniani, mnataka watu watakaokuja miaka elfu baadae wajue nyie mliishi vipi, choreni. Alafu badilishaneni, grupu hili likasome mchoro wa lile bila kuambiwa kitu. Nilifanya hivyo, grupu moja likachora mtu na duara, wengine wakasema ni mtu na jua, wengine mtu na ngoma, wenyewe wakasema ni mama anachota maji kwenye shimo. Walibishana mpaka kengele ikalia! Ukishafika hapo ndo unauliza, sasa wataalamu wanaosoma michoro ya Kolo wanajuaje? Hilo ni swali la mwanahistoria kabisa na mtoto wa miaka kumi ameliingia mwenyewe.

Najua unajiuliza kuhusu upimaji, mana presha yake ni kubwa na afisa elimu kata anataka asilimia. Hapa usione kama ni ama raha ama mtihani. Wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na waliosoma mara moja alafu wakajitahidi kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa juu, baada ya wiki moja waliojitahidi kukumbuka wakawapita. Kwa hiyo kunakili notsi za ubaoni mara tatu kunatupa moyo leo alafu kunatuacha siku ya mtihani. Anza kila kipindi kwa dakika tano daftari zimefungwa, watege watoto wenyewe kwa wenyewe, mtoto anasimama, kitendawili! darasa linasema tega, anauliza swali la somo la jana au la wiki iliyopita. Wakishindwa wanampa mji ndo anajibu. Watapigania kutega, na mtoto anayetunga swali zuri lazima ameelewa, huwezi kutega usichokijua. Nimeona watoto wanaenda kusoma nyumbani ili tu wapate la kutega kesho.

Sio kila kipindi kitege kitu kikubwa, utachoka. Kimoja kwa wiki chenye kamba au mabua au udongo kinatosha kuanzia, vingine ni zile dakika tano na wawili wawili. Na kelele zitakuwepo. Tafuta ishara moja, kwetu mtoto mmoja alikuwa anapiga ndoo mdundo kama wa muheme, ile ngoma ya Kigogo ya kina mama, darasa zima linajibu kwa makofi matatu alafu kimya, na tulifanya mazoezi ya hiyo ishara peke yake siku nzima ya kwanza. Usiruke hiyo siku, 87 bila ishara ni vurugu na utarudi kwenye fimbo.

Mwalimu mkuu mwambie kabla, usisubiri asikie kelele ndo ujieleze. Kama kuna mtu atasema unacheza na watoto badala ya kufundisha, mwambie Mwalimu Nyerere mwenyewe kwenye Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 aliweka akili ya kudadisi kati ya vitu ambavyo shule inapaswa kumjengea mtoto, na mtaala ulioanza Januari 2024 nao unadai mtoto aweze kufanya, sio kukariri. Hujaleta kitu cha kigeni. Na kama mnakaa vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, shuleni, beba mfano mmoja, wategee walimu wenzako lile zizi kama lilivyo, uone wangapi watawaza duara.

Na wewe dada yangu, nimeona kwenye swali lako umechoka. Watoto 87 ni wengi, na sio kosa lako kwamba wako 87. Usijipime kwa zile video, yule mwalimu amerekodi dakika mbili nzuri za siku yake, sisi hatujaona zile nyingine.

Anza na zizi, Jumatatu au siku yoyote yenye vipindi viwili vya hisabati vinavyofuatana. Kamba ikate mita 12 na uongeze kama sentimita 20 za fundo, mimi mara ya kwanza nilisahau fundo, mzingo ukapungua na watoto wakaniambia mwalimu babu ameibiwa kamba. Fimbo ya mita iwe imenyooka. Yule atakayekuja kukuuliza kitu kwa sauti ya chini, inama umsikilize kabla hujasema chochote, alafu niandikie aliuliza nini.